Waambie Nani Alinichekesha

Mtani wangu Musonda, mwana wa Mamba,

Mwezi wa nne mwaka huu nilimpoteza mama. Hajafa. Yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa ninapoandika. Nilimpoteza Jumapili moja baada ya ibada, watoto wa jirani walipomshikisha simu wakamwonyesha ile filamu. Kaka yangu Mulenga alichukuliwa na ziwa mwaka juzi, na ziwa sina kesi nalo. Mama yangu amechukuliwa na watu wenye kamera, nawe ulikuwa umesimama hapo kati yao, umevaa koti.

Tangu siku ile hali tena bukari, ugali ninaousonga mimi. Anakula kwa jirani. Sahani yangu anaifunika vizuri, anasema, "Nimeshiba, mayo," yaani mama, kwa adabu, kama anavyomwambia mgeni. Angenitukana ningeshukuru.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kibemba ndicho tulichotumia kutaniana, na leo sina utani. Kiswahili ndicho tulichopimia samaki na wanunuzi wa Pweto, ng'ambo ya ziwa. Ni lugha ya bei, na mimi nataka bei. Barua nimeiacha wazi, ibandikwe pale zinapotia nanga mashua, kwa sababu simu hupokei tangu uhamie Mansa, na walionihukumu wote wanapita pale kila asubuhi.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuwa na beseni moja la chisense, dagaa wetu wa Mweru, mtaji wake nimeutoa kwenye kufua nguo za watu. Ukapita, ukachota konzi nzima ya dagaa wakavu, ukaitupia mdomoni na kuendelea na njia yako.

"Eh, mwizi! Lipa!"

"Weye ni wa ukoo gani?"

"Wa Samaki."

"Sasa unalalamika juu ya nini? Mimi ni Mamba. Tangu lini mamba ananunua samaki?"

Soko lote likacheka. Nikakuvua kofia, nikaiuza palepale kwa mama wa vitumbua huku unatazama, nawe hukuwa na ruhusa ya kununa. Ndivyo wazee walivyotupangia: ukoo wenu na wetu ni watani, tunaibiana, tunatukanana, na siku ya msiba tunazikana. Beseni likawa mashua moja, kisha tatu. Wewe ukaendelea kuchota konzi yako kila ulipopita. Mimi ninayejua uzito wa gunia kwa kulitazama tu, ile konzi sikuihesabu hata siku moja.

Siku tuliyomzika Mulenga nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu mashua yake ilipookotwa imepinduka. Mama alikuwa amezimia, wanawake wamembakiza nyumbani, makaburini hakufika. Shika hapo, Musonda, ndipo kesi yangu ilipo. Jeneza lilipotaka kushushwa, ukawatangulia. Ukaruka ndani ya kaburi umevaa kofia ya Mulenga na mabuti yake ya mvua, ukalala chali, ukakunja mikono kifuani. Maneno yako nitayaweka kwa Kiswahili, hata wa ng'ambo wayapate:

"Nyumba hii imeshapata mutu. Mwenye kuchelewa aende atafute ingine."

Mjomba akakuita kutoka juu: "Musonda, toka. Batu banangoya."

"Sitoki! Samaki anakufa maji, mulisikiaka wapi? Siye ba Mamba tulimungoya miaka yote tumukule, yeye anaenda kunywa maji mpaka anakufa. Mutulipe chakula yetu!"

Halafu ukanyanyua kichwa, ukanitazama mimi.

"Na weye, samaki mukubwa, acha kulia. Chumvi ikizidi hatutakula."

Nikacheka. Kicheko kilitoka tumboni kikaniuma mbavu. Kila aliyekuwepo alicheka. Mchungaji alijifunika uso kwa Biblia, mabega yanatikisika. Mjomba akatoa kitu kidogo mfukoni, akakulipa, ukatoka, tukamzika kaka. Tulipokwenda ziwani kunawa, ulisimama karibu yangu, hukuwa na utani tena. Ukasema, "Nilikuchekesha sababu niliona unataka kumufwata." Jioni ile nilikula. Mpaka leo nasema uliniokoa, nami sipendi kusema hivyo kwa mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye filamu.

Walikuja na gari refu na kile kidude kinachoruka, wakawatimua ndege wote ufukweni. Niliwapokea, niliwakaangia samaki. Mchana kutwa niliwaeleza upepo wa ziwa hili unavyogeuka. Niliwaambia kwamba polisi walikagua mashua, wakahoji kijiji, wakaandika kwamba alikufa maji, wakafunga dosye, jalada la kesi. Niliwaeleza pia kwamba injini iliyozama ilikuwa yangu, sijamaliza kuilipa. Mwuaji gani anazamisha injini yenye deni? Hilo halimo. Mwishoni wakasema wanapima sauti, ninyamaze kidogo nitazame ziwa. Nikanyamaza, mjinga mimi. Kwenye filamu ukimya ule wameupachika baada ya swali: "Ni nani aliyefaidika na kifo cha Mulenga?" Ninaonekana natazama maji, sina jibu.

Hawakusema niliua. Ujasiri huo hawana. Wanauliza tu, sauti nzito, ala zinalia kwa huzuni, kisha wanahamia swali lingine. Mtu wa namna hiyo namjua: anatupa kichwa cha samaki aliyeoza uani kwako, halafu anapita barabarani ameziba pua.

Na kicheko. Mpwa wetu alikuwa amepiga video ya maziko kwa simu, akawauzia. Wakafuta sauti, wakamimina muziki juu yake. Wewe huonekani, Musonda, kwa sababu uko ndani ya shimo. Ninaonekana mimi peke yangu, ukingoni mwa kaburi la kaka yangu, mdomo wazi, nacheka. Filamu nzima ni dakika hamsini. Kicheko kile hakifiki hata sekunde tano, nao wamekirudia mara nne. Machozi yangu ya siku zote zile: sifuri. Mimi hesabu nimejifunza sokoni, lakini hata mtoto wa darasa la kwanza anaona kwamba mizani hiyo imefungwa jiwe chini.

Kisha unakuja wewe. Koti jeusi ambalo sijawahi kuliona mwilini mwako, na chini yako wameandika: rafiki wa familia. Sauti inauliza kama ni kweli dada wa marehemu alicheka. Unashusha macho, unavuta pumzi kama mtu anayesoma somo kanisani. "Ndiyo. Alicheka sana." Wanakata hapo.

Mama alikiona kicheko hicho kwa mara ya kwanza, kwenye kioo chenye ufa, miaka miwili baada ya kumzika mwanawe. Alimrudishia mtoto simu. Akaniuliza swali moja tu: "Ulicheka?" Nikasema, "Mama, nilicheka, lakini..." Hakutaka "lakini." Nawe hukuwepo kuisema.

Hapa kijijini sasa kuna mashahidi wengi kuliko samaki. Yule mzee anayeshona nyavu, unamjua, alinyanyuka mbele za watu akasema aliniona nikipanda mashua ya Mulenga siku ile.

"Nilimuonaka na macho yangu. Alikuwa mwenye kuvaa kitenge ya manjano."

Kitenge cha manjano sina, sijawahi kuwa nacho. Manjano inashika uchafu wa samaki. Aliyevaa manjano ni yule msichana waliyemleta aigize kuwa mimi, kucha nyekundu, anapiga kasia kama anakoroga uji, na maji hayamfiki gotini. Nikamwambia mzee, "Baba, uliona filamu." Akanijibu bila aibu, "Na wenye filamu si waliona?" Watu hawa hawawezi kukubaliana bei ya gunia moja asubuhi nzima, lakini juu yangu walikubaliana wote kabla bando la simu halijaisha. Sitawabembeleza. Wanunue kwingine. Asiyeweza kutofautisha mimi na msichana wa kukodiwa hanipunguzii kitu.

Mama ndiye ananipunguzia. Amefunga mzigo wake, kanga mbili na picha ya Mulenga. Jumapili gari la Chienge litampeleka kwa mtoto wa dada yake, na kwa miguu aliyonayo, akishaenda hatarudi akiwa hai. Nimemweleza juu ya kaburi, kofia, mabuti, chumvi. Anasema, "Kila mutu anajitetea." Mjomba angeshuhudia, lakini naye tulimzika mwaka jana. Mchungaji amehamishwa. Wengine waliocheka siku ile sasa wanasema hawakumbuki vizuri. Wameiona ile isiyo na sauti mara nyingi mno, nayo ndiyo wanayoikumbuka.

Umebaki wewe. Na mama anakuamini. Unajua kwa nini? Kwa sababu ulikuwa kwenye filamu. Wamempa mwongo cheti, sasa namhitaji kwa cheti hichohicho. Cheka basi, mtani, hiki ndicho kichekesho.

Pengine si mwongo. Nimeupima uwezekano huo pia, ninapima kila kitu. Pengine baada ya "alicheka sana" uliendelea, ukasema, "Nilimchekesha mimi, ni kazi yetu," wakakata. Kama ni hivyo umeibiwa kama nilivyoibiwa, rudi, konzi yako ipo kwenye beseni. Au pengine taa zilikuwa nzuri, koti lilikukaa, ukaona neno likiongezeka litaharibu picha. Kama ni hivyo, sema hivyo. Nitakudharau mpaka kufa, lakini nitakushukuru siku moja, Jumamosi.

Jumamosi hii, saa sita mchana, simu yangu itakuwa mezani, sauti wazi, mama upande huu na mimi upande ule. Amekubali kunipa muda huo, kwa sababu ni wewe. Piga. Hatakuuliza kama niliua. Hilo acha waulize wao, wenye maswali. Atakuuliza neno moja, nami nitakaa kimya, safari hii kwa hiari yangu:

"Musonda, nani alimuchekeshaka mutoto wangu?"

Jibu.

Samaki wako, ambaye bado hajafa maji,
dada yake Mulenga