Mmea Uliozaa Mbegu

Mpendwa Biira,

Huku Bwera hatujambo. Mama yako ameshavuna kahawa. Umeniuliza kwa nini mmea chotara unaokula wadudu huandikwa jina la mama, yaani mmea uliozaa mbegu, kwanza, kisha la baba.

Nikiwa msichana, nilimtunzia mgeni mmoja mimea hiyo. Mmea niliouleta mimi kutoka kinamasini ndio uliozaa mbegu. Wake ulitoa chavua tu. Lakini kwenye kibandiko cha jina la chotara alitanguliza wake.

"Bwana, hii majina umegeuza," nikasema.

"Ni maandishi tu," akajibu, akikwepa macho yangu.

Nikashuku anataka wenzake waamini mmea mama ni wake. Nikachukua kalamu, nikaandika upya mbele yake. Kazi niliipoteza siku hiyo, ila kibandiko hakuthubutu kukigusa.

Huyo mwenzako uliyenitajia, mnayezalisha naye mimea, mbona anaandika vibandiko peke yake?

Bibi yako,
Masika