Mayungiyungi Yako Yanasubiri Kivuli, Mama

Mwaka umezunguka, Mama Bernadeta, tangu utuage hapa Buzuruga, mayungiyungi yako meupe yakiwa yamechanua chini ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Tunaandika mapema kwa sababu ndugu watakaovuka nasi kwa kivuko cha Kamanga Jumamosi watalitazama kaburi lako na kuuliza maua yako wapi. Waache waulize. Wewe tutakueleza wenyewe.

Hukujua kunyima. Jirani akisifu ua, ulimkatia chipukizi na mizizi yake, ukalifunga kwenye gazeti lililoloana, ukamsindikiza hadi barabarani ukimwonya asilipeleke juani. Maji ya kuoshea mchele yalikuwa mali ya maua. Uwanja wote tulifagia, ila chini ya jiwe ulikataza fagio kabisa. Majani yaliyoanguka yabaki, udongo usikauke. Baba alikutania kwamba maua yanahudumiwa kuliko yeye, ukamjibu kwamba maua hayalalamiki.

Siku ya arobaini, Antoni, mwanao wa kwanza, alishika jembe. Alisema hawezi kukuacha ulale bila maua yako. Mdogo wake Winnie alimshika mkono, akamwambia kule kaburini ni jua tupu, hakuna hata kichaka. Antoni hakusikia, na sisi wengine tukabeba ndoo. Tukayang'oa karibu yote, tukavuka nayo, tukayapanda juu yako, tukaimba, tukaridhika.

Haukupita muda, shemeji yako Nestory, anayekaa jirani na kaburi, akapiga simu. Anamwagilia asubuhi na jioni, akasema, na bado yanaungua. Hakuna lililopona.

Hapo nyumba yako ikagawanyika, Mama. Winnie aliacha kumwita Antoni kaka. Pasaka kila mmoja alikula chumbani kwake. Huku nyumbani lilikuwa limebaki shina moja tu, lililong'ang'ania ufa wa jiwe, na kiangazi kilipofika nalo likalala, majani yakawa ya njano. Winnie hakutaka mtu asogee pale. Tuliogopa kusema tulichokuwa tukikiwaza, kwamba shina hilo likifa, wale wawili hawatakaa meza moja tena.

Kumbe Antoni alikuwa akipita mchana na bakuli la maji ya mchele. Winnie alimkuta amechuchumaa. Hakumfukuza. Aliinama, akayasogeza majani makavu ili maji yaingie vizuri, kisha akaondoka.

Mvua za vuli zimelirudisha lile shina. Limechipua pembeni pia. Lakini juzi tulimwona Antoni akija na ndoo na jembe, mioyo ikatupasuka. Winnie akasimama mbele ya jiwe. Baba, ambaye mwaka mzima alikataa kuamua ugomvi huo, akainuka kwenye kiti chake.

"Safari hii tunaanza na kivuli," akasema.

Antoni akaweka jembe chini.

Kwa hiyo Jumamosi tunakuja bila ua hata moja, Mama. Tunakuja na mche wa mjohoro. Antoni ataubeba, Winnie atachimba shimo. Wamekubaliana wenyewe, jana, mezani. Ukikua na kutandaza matawi, mayungiyungi yatakufuata. Jua litakupiga kidogo bado. Tuvumilie.

Unakumbukwa na mumeo Mzee Luhende, wanao Antoni na Winnie, mdogo wako Justa, shemeji yako Nestory, wajukuu, na majirani wote wenye mayungiyungi yako nyuma ya nyumba zao.

Hatutakusahau maisha yetu yote, na fagio halitafika chini ya jiwe.