Pembe za Turubai

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Huku Nyakatuntu hatujambo, kahawa imechanua, ila nyumba imepwaya bila wewe. Unauliza kwa nini nilifoka siku ile ulipofunga madirisha ya boti yako huku jenereta ikiunguruma.

Nikiwa msichana, kaka yangu alikuwa fundi wa boti iliyobeba kahawa Mto Kagera. Bomba la moshi lilipopasuka, alilifunga kwa kamba za mgomba. Mvua ikaja, tukashusha turubai. Sisi mbele, yeye ndani na injini. Akalalamika kichwa kinamuuma, akasinzia. Tukacheka, tukasema amelewa rubisi ya harusini. Kumbe ni moshi. Hakuamka.

Badilisha bomba la jenereta yako linalovuja, mama, usilitie kiraka. Hadi leo natamani kumsikia akiniita. Mimi ndiye niliyebana pembe za turubai, asipigwe na baridi.

Bibi yako