Alama za Wanja Ukutani

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha. Shemeji hajambo? Wanangu je? Na yule bibi unayemtunza kazini, bado anaficha miwani yake halafu anakusingizia wewe? Msalimie sana. Huku wote wazima. Shemeji yako yuko na gereji yake, mwanao, huyu binti yangu, anarefuka kila nikimtazama. Mgonjwa ni mimi tu.

Naandika kwa sababu kwenye simu sikuambii ukweli. Ukipiga, mama mkwe anakaa ubavuni mwangu anasikiliza kila neno, basi nasema naendelea vizuri. Siendelei vizuri, dada. Nimekata tamaa, nakwambia waziwazi.

Unajua walivyonipasua: bega hawakulifungua, walitoboa matundu matatu tu, wakaingiza kamera nyembamba, wakawa wanatazama kwenye televisheni huku wanashona ile kano iliyochanika irudi kwenye mfupa. Daktari alisema ni ile miaka yote ya kusuka nywele mikono ikiwa juu. Hilo halikunishangaza. Kilichoniponza ni udogo wa yale matundu. Yalipopona yalibaki vidoa kama vya tetekuwanga. Majirani waliokuja kunitazama wakaishia kutazamana wenyewe. Mama mkwe alivaa miwani, akanikagua bega zima, akauliza, "Ndiyo haya tu?" Toka siku hiyo nikawa mtu anayedeka.

Nilipovuliwa mkanda wa kuning'inizia mkono nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni mama mnene, mpole, wagonjwa tumempachika jina la Mama Taratibu, maana anakuumiza mpaka unaona nyota huku anasema "taratibu, taratibu". Alinipa kazi ya kufanya nyumbani: nitembeze vidole ukutani kama buibui, kutoka kiunoni kwenda juu, na mkono ukifika mwisho niweke alama. Nikachukua penseli yangu ya wanja, nikaanza kuchora pembeni ya mlango wa sebule.

Hapo ndipo tulipoharibu, kwa mapenzi tu. Ile alama ikageuka sherehe. Kila Jumapili baada ya chakula shemeji yako anazima televisheni, mwanao anashika wanja, mama mkwe amekaa mkao wa vigelegele. "Panda! Panda hapo hapo, usituangushe!" Nami unanijua, sijui kuwavunja watu moyo. Maumivu yakizidi nilikuwa najinyonga kidogo, nainua bega mpaka sikioni, kidole kinapita alama ya wiki iliyotangulia. Vigelegele! Sikuwa nawadanganya, dada. Niliamini kabisa kwamba napona. Nilimpigia hata mwenye saluni kumwambia asimpe mtu kiti changu.

Jumanne nikaenda kliniki kifua mbele. Mama Taratibu akanisimamisha mbele ya kioo, akaweka kiganja juu ya bega langu, akalikandamiza lisipande, akasema haya, nyanyua. Mkono ulifika usawa wa kifua ukagoma. Nikajaribu tena, ukagoma palepale. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ulikuwa unapandisha bega. Mkono wenyewe haujapanda." Nikabisha. Nikamwambia kwangu nafika juu kabisa ya swichi ya taa, na mashahidi ninao. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza, kisha akanipa kitambaa cha kufutia machozi. Kumbe wiki zote zile kiungo kilikuwa kinaganda, na sisi tunakipigia makofi.

Daktari naye akaja, akaugeuza mkono huku na huku. Ananipa mpaka mwezi ujao. Bega lisipolegea, watanipa tena dawa ya usingizi walilegeze kwa nguvu. Nikamuuliza kama baada ya hapo nitasuka. Akasema nitaweza kuvaa, kula, kujipikia. Nikamuuliza tena, na kusuka je? Akainama akaanza kuandika.

Sasa mazoezi nafanya nimelala chali sakafuni, fimbo mikononi, ili bega lisipate pa kukimbilia. Ukweli unaonekana wote. Nafanya huku nalia, namaliza nanawa uso, natoka.

Kazi nyingine siijui. Tulipokuwa tunasuka kichwa kimoja wawili, wewe kulia mimi kushoto, tunakutana kisogoni mteja hajamaliza hata umbea wake, nilijua hii ndiyo riziki yangu mpaka uzeeni. Juzi nilipita saluni. Kiti changu kina mtu. Mwenye saluni alinikumbatia, akasema huyo amekaa kwa muda tu, lakini macho yake yalikuwa sakafuni. Niliondoka mbio nisije nikalia mbele ya wateja.

Nyumbani bado hawajui. Leo wameniita ukutani, nikasema kichwa kinauma.

Ila kuna mmoja ameshajua. Juzi jioni nilimketisha mwanao chini katikati ya magoti yangu, nikasema huku chini mkono hautahitaji kupanda, nimsuke nywele za shule. Nilisuka mistari mitatu. Wa nne bega likawaka moto, nikaacha mstari katikati. Yeye alikaa tu mgongo wake ukiwa umeniegemea, akaanza kufumua mwenyewe ile niliyosuka. Jana amerudi kutoka kwa kinyozi na baba yake, kichwa kipara. Baba yake anasema ameng'ang'ania mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Joto, mama." Dada, huku ni msimu wa baridi. Analala na sweta.

Nilimwambia amependeza, nikaingia huku chumbani.

Nisalimie shemeji, na wanangu wote wawili, mwambie yule mdogo mama yake mdogo anamkumbuka. Mama mkwe anakusalimu, na shemeji yako pia. Mungu akutunze huko uliko, akupe afya na wenzako wema, na akuzuilie kila jicho baya.

Ombi langu ni moja. Usinijibu kwamba nitapona, hilo naambiwa na kila mtu. Wewe ulifika huko hujui lugha, hujui mtu, ukaanza na sifuri. Niandikie, dada, mtu anaanzaje.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye kwa moyo wangu wote.