Baba, Gari Lililokubeba Lilizima Njiani

Shikamoo, Baba. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nyumba hii haina tena mtu wa kuitikia huku kashika spana.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo linalokuhusu na hukuliona. Siku tuliyokuzika, gari la jeneza la msikiti lilizima njiani. Lile lile kuukuu, ulilolitengeneza miaka yote bila kuchukua hata ya chai. Lilizima nawe umo ndani. Nilipoambiwa, Mungu anisamehe, nilicheka, kisha nikalia.

Wanaume walikuswalia baada ya alasiri wakaondoka nawe, sisi wanawake tukabaki nyumbani Mtopanga kama desturi. Hawajafika nusu ya njia ya makaburini, gari likakohoa, likanyamaza. Hamisi dereva akapiga stata wee, wapi. Mmoja akasema betri, mwengine plagi. Wakasukuma mpaka kanzu zikalowa jasho. Jua lilikuwa linakwenda, na Ami Salim, nduguyo, akasimamisha lori la kokoto ili wakuhamishie humo. Hapo Hamisi akajitenga pembeni akanipigia simu mimi, mwanafunzi wako wa gereji.

Nilipanda bodaboda na buibui langu. Njia nzima nilikuwa na neno moja tu kichwani, kwamba Baba hapandi lori la kokoto.

Ami aliponiona akanyoosha mkono kunizuia. "Mwanaisha, rudi nyumbani mwanangu, hapa si pahala pako." Nikamwamkia kwa adabu, nikamwambia anipe muda wa chai kupoa tu, nikishindwa wakupakie na mimi nirudi. Jibu sikulingoja. Nilikuwa nimeshafungua boneti.

Nilifuata ulivyonifundisha. Stata ilizungusha injini vizuri, kwa hivyo betri haikuwa na kosa. Nikachomoa waya wa plagi, Hamisi akapiga stata, cheche ikaruka ya buluu. Moto ulikuwepo. Nikachomoa mpira unaoleta petroli kwenye kabureta. Mkavu. Hamisi akaapa wallahi amejaza tangi asubuhi ile. Basi petroli ipo na haiji. Wakasema pampu imekufa, na pampu jioni ile tungeitoa wapi? Dereva wa lori akaanza kufungua mlango wa nyuma. Nilikaribia kukubali, Baba, sikufichi.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinichokoza kila nilipokimbilia spana: "Gari halizimi bure. Uliza kwanza limeguswa wapi."

Nikamuuliza Hamisi. Akasema halijaguswa, limeoshwa tu, kwa heshima yako. Wamelisugua likang'aa, na kile kitambaa chako kichafu ulichoziba nacho mdomo wa tangi wamekitupa, wakanunua kifuniko kipya.

Nusura nimkumbatie mbele za watu. Nikaenda kukizungusha kile kifuniko. Kilikaza kidogo, kisha tangi likavuta hewa, fyuuu, hata waliokuwa kwenye lori wakasikia. Hakikuwa na tundu. Kitambaa chako kilikuwa kikipitisha hewa, hiki kiliziba kabisa, na petroli ikitoka bila hewa kuingia mahali pake, hufika pahali haitoki tena. Ama kweli, walikupamba wakakukwamisha.

Nikakiacha kimelegea, nikarudisha mpira, Hamisi akapiga stata. Likasita, likawaka.

Ami hakunisifu, unamjua. Alimwambia mwenye lori aende zake na kokoto zake. Kisha akafungua mlango wa mbele, kando ya Hamisi, akaniambia, "Panda. Likizima tena nani ataliwasha?"

Basi nikakusindikiza, Baba, kwa kiti cha mbele. Langoni wakakubeba wakaingia, nami nikabaki nje na gari. Sikulizima. Nilisimama nikilisikiliza na kukulilia mpaka waliporudi mikono mitupu.

Gereji sijaifunga. Ami alikuwa ameshapata mtu wa kupanga pale auze simenti. Nilimwambia ukweli kwamba sitoki, na nikampa kiti akae atazame ninavyofanya kazi. Siku hizi anakuja na wateja wake, na anawaambia wanyamaze nikisikiliza injini. Wapo wanaofika, wakaniona, wakageuza. Wageuze tu. Gari likiwazimia barabarani watanikumbuka.

Kile kifuniko kipya hatukukitupa, kwa kuwa kilinunuliwa kwa ajili yako. Nimekitoboa tundu.

Na gari la jeneza sasa ni langu kulitunza, bila malipo kama wewe. Nakuahidi hakuna mzazi wa mtu atakayekwama njiani nami nipo hai. Kila Alhamisi nitaliendesha safari nzima kulijaribu, kutoka msikitini mpaka lango la makaburi, na nikifika hapo nitakutolea salamu bila kulizima.

Mungu akulaze pema, Baba.

Mwanao,
Mwanaisha, fundi