Kalibu Ndani

Mama,

Tumevuna mahindi, paa la jikoni halivuji tena, na yule kuku wako mtundu bado anataga chini ya kitanda changu. Hayo ni ya kukusalimia tu. Ninachotaka kukuambia ni habari ya binti yangu Neema.

Unajua ulivyomwacha. Mtu akibisha tu, mtoto yuko chini ya meza. Kila ulipotoka Bungoma kuja kwetu hapa Kitale ulicheza naye ule mchezo ulionilea mimi: unatoka mlango wa nyuma, unajifunga leso kichwani, unazunguka nyumba na kubisha mlango wa mbele. "Hodi wenyewe!" Leo wewe ni chifu, kesho muuza ndizi, kesho kutwa shangazi asiyesikia vizuri. Kazi ya mtoto ni kufungua, kumkaribisha mgeni, kumpa kiti na maji, kupiga stori naye mpaka chai iive, kisha kumsindikiza. Neema alikuchungulia tu, nawe ukajikaribisha na kujijibu mwenyewe. Ukaniambia, "Mwache. Anasikia."

Tulipokuzika niliogopa, Mama. Muhula ujao anaanza shule, na majirani walishaanza kuuliza kama anaongea kweli. Basi nikajifunga leso yako, nikazunguka nyumba, nikabisha. Akasema kutoka ndani, "Mama, si uingie tu, ni wewe." Nilicheka mpaka nikakaa chini pale mlangoni, halafu nikalia kidogo, maana wewe hukuwahi kutambuliwa. Lakini sikuacha. Siku nilipokuwa fundi wa baiskeli alinipa kikombe cha maji, akarudi chini ya meza bila neno. Nikashukuru kwa hayo maji.

Jumamosi iliyopita Mama Hadija, rafiki yako wa kule Bungoma karibu na msikiti, alikuja kutuona bila kutuarifu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua. Nikasikia hodi, kisha kimya. Nikaanza kukimbia, ndipo nikasikia mlango unafunguka.

"Kalibu ndani! Kalibu, kalibu! Keti hapa upumzishe miguu."

Mama, nilisimama hapo na sabuni yangu mikononi. Ilikuwa sauti yako. Ile "kalibu" yako niliyokutania nayo tangu nianze shule, nawe ukinijibu, "Mgeni ameingia ama hajaingia?" Nilipofika mbele, Mama Hadija alikuwa ameshika mdomo, macho yamejaa machozi. Neema akamletea maji, akamuuliza mvua ya Bungoma ikoje, akamuuliza pia meno yake mengine yalienda wapi. Tulipomsindikiza alimshika mkono hadi barabarani, akakataa kugeuka mpaka mgeni apotee kwenye kona, vile ulivyokuwa ukifanya. Nimekuwa na furaha wiki nzima, hata nguo zilizolowa mvua hazijaniudhi.

Pumzika sasa, Mama. Ulisema anasikia, na kweli alikuwa akisikia. Huyu mdogo wake ninayembeba mgongoni akianza kutembea, nitaifunga tena leso yako na kubisha mlango wangu mwenyewe, nakuahidi. Neema nitamfundisha asiulize watu habari za meno. Lakini ile "kalibu" siigusi. Mwalimu akiirekebisha huko shuleni, ni kazi yake. Hapa nyumbani, mgeni ameingia.

Binti yako,
Nasimiyu