Pai ya Jirani wa Corinne

Mdogo wangu Marlys,

Huko Iowa hamjambo? Mimi mzima, ila Uingereza hii imenishinda. Vipande vya mkate vikishachomwa vinasimamishwa kwenye kichanja mezani mpaka vipoe, ndipo vinaliwa. Bafuni kuna bomba la kukuunguza na bomba la kukugandisha, chagua mateso yako. Dukani nilimkanyaga mzee mmoja, akaniomba radhi yeye!

Juzi Bi Prudence, jirani wa binti yangu Corinne, aliniambia huku akitabasamu, "Lazima uje kwangu siku moja tunywe chai." Unanijua. Kesho yake nikaoka pai ya tufaha, nikabisha hodi. Alinitazama kana kwamba nimekuja kumpigia mnada nyumba yake. Pai akaipokea, mlango akaufunga.

Corinne aliiva uso kwa haya. "Mama, umeniaibisha! Hapa mtu akikwambia uje siku moja, hakualiki. Anakuaga kwa adabu tu."

"Na anayekutaka kweli?"

"Huyo anakutajia siku."

Nilicheka sana.

Unajua nilikuja kumwomba Corinne nibaki naye mpaka ajifungue. Sikumaliza hata kusema. "Mama mkwe atakuwepo," akanikata.

Leo asubuhi amenipeleka kituoni, akanifunga vifungo vya koti, akanibusu shavuni. "Lazima uje tena siku moja, Mama."

Nikasimama mlangoni mwa treni nikimngoja ataje siku. Mlango ukafungwa.

Nikifika, Marlys, nialike chakula. Lakini nitajie siku.

Dada yako,
Verna